Mwalimu Kwenye Uwanja wa Sinema

Uwanja ule wa michezo umebadilishwa sura siku hizi. Kampuni ya filamu iliyokuwa imeukodishia picha zake iliondoka, mabango yakashushwa, na lile sanduku kubwa la plasta lililokuwa kamera likapakwa rangi ya kijani na kutiwa macho mawili, likawa kiwavi. Nilikwenda kumwona mara moja nikiwa mtu mzima. Nilisimama katikati ya watoto waliokuwa wakimpanda mgongoni, na sikuhuzunika hata kidogo. Nilijua kitu ambacho wao hawakukijua: kwamba tumboni mwa kiwavi yule kuna ngazi za kamba, mwisho wa ngazi kuna duara la mwanga, na chini ya duara lile, kiangazi kizima cha mwaka niliokuwa na miaka kumi na mmoja, alisimama mama yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Baba alitutangulia Toronto, na sisi wawili tukamfuata msimu wa majani kuanguka. Tuliishi Downsview, kwenye ghorofa lililotazamana na ghala alilofanyia kazi baba, na kutoka dirishani kwetu tuliweza kuona malori yakirudi kinyumenyume kwenye milango ya kupakulia. Mama, ambaye Morogoro alikuwa na darasa la pili lenye watoto wengi kuliko madawati, alikaa majira yote ya baridi akiyatazama malori hayo. Sauti yake ilikuwa ya kuvuka uwanja wa shule na kuachanisha wagomvi bila yeye mwenyewe kuinuka kitini. Kufikia Februari alikuwa akiomba chumvi kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Baba na mimi tuliliona hilo na hatukulisema. Aliyelisema ni yeye mwenyewe, siku moja mchana, akikunja nguo.

"Mwalimu mkuu ananishikia darasa langu mpaka Januari," alisema. "Kiangazi hiki nitajaribu. Nikipata pa kusimama, nitabaki. Nisipopata, Januari niko darasani kwangu, na nyie mtakuja likizo."

Baba alikuwa akimwita Mwalimu, hata nyumbani, hata akiwa amekasirika. "Sawa, Mwalimu," alisema, akachukua soksi mbili zisizofanana akazikunja pamoja.

Tangu siku ile nikaanza kuhesabu miezi iliyobaki kufika Januari.

Kazi aliipata kwenye bustani kubwa ya michezo kaskazini mwa jiji, ile yenye magari ya kupanda angani ambayo mayowe yake husikika tangu maegeshoni. Kila majira ya kuchipua waliajiri watu wa msimu, wengi wao wanafunzi. Mama alipangiwa uwanja wa watoto wadogo, ambao wote ulijengwa mfano wa mahali pa kupigia sinema. Langoni kulikuwa na ubao mkubwa wa mistari myeusi na myeupe, ule unaopigwa kofi kabla ya kamera kuanza, na watoto walipita chini yake. Ndani kulikuwa na kasri lenye minara, lakini ukizunguka nyuma ulikuta mbao tupu na misumari. Kulikuwa na mlima wa sponji na viti vya kukunja kama vya waongozaji wa filamu. Katikati ndipo ilipokaa ile kamera: mtoto aliingia kwa nyuma, akapanda kamba gizani, akatokea kwenye lenzi, na kutoka kwenye lenzi akashuka kwa mtelezo mrefu wa rangi ya fedha.

Mama alisimama mwisho wa mtelezo. Sare yake ilikuwa ovaroli ya buluu na kofia yenye nyota mbele.

Wanawake wa kanisani kwetu walimzunguka siku walipoiona picha yake.

"Mwalimu, kweli umetoka Morogoro kote kule uje kuvaa kofia ya nyota?"

"Na inawaka," mama aliwajibu. "Ina betri."

Walicheka, naye akacheka, lakini kwenye basi la kurudi nyumbani aliiweka picha ile chini kabisa ya mkoba.

Aliyekuwa hacheki ni baba mdogo. Yeye ni mdogo wake baba, alifika Kanada zamani, alifanya kazi ya kompyuta Markham, na alikuwa na nyumba yenye mlango wa gari unaojifungua wenyewe. Alitupenda sana. Alitushughulikia mambo mengi, na labda ndiyo maana alidhani anaweza kutushughulikia na hili.

"Shemeji, ungesoma kwanza," alimwambia mama Jumapili moja, akila ugali wetu. "Kozi mbili tatu, mimi nakutafutia nafasi ofisini. Kule bustani ni kazi ya watoto wa shule."

"Mimi kazi yangu tangu zamani ni watoto wa shule."

"Shemeji, si unanielewa lakini?"

"Nakuelewa sana. Ongeza mboga."

Kwa watu wake wa Markham, tulikuja kujua baadaye, alisema tu kwamba shemeji yake yuko kwenye mambo ya elimu.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Kila mtumishi wa uwanja ule alipewa maneno ya kusema, ya Kiingereza, yameandikwa kwenye kadi. Mtoto akitokea juu kwenye lenzi, ulitakiwa kunyanyua kipaza sauti na kutangaza: "Taa! Kamera! Anza!" Ndipo ateleze. Mama alijua Kiingereza, alikisoma na kukifundisha, lakini mdomoni kilimtoka kama mtu anayevuka barabara asiyoizoea, akiangalia huku na huku. Kipaza sauti kilipiga kelele ya chuma. Watoto walimtazama kutoka juu na kuteleza kabla hajafika kwenye neno la mwisho.

Nilikuwa naingia bure kama mtoto wa mfanyakazi, na siku nyingi nilikaa kwenye kile kiti cha mwongozaji chenye jua, nikimtazama. Sitasema uongo kwa ajili ya kupamba: sikuwahi kumwonea haya. Nilimwona mrefu. Nilikuwa nasubiri tu siku ambayo wengine nao wangemwona hivyo.

Kisha ikaja ile Jumatatu. Asubuhi ilikuwa na baridi kidogo, watu wachache, na kwenye lango watoto kama kumi na tano walikuwa wamepanga foleni wenyewe, kimya, nzuri kabisa. Nadhani ni ile foleni iliyompoteza. Kwa mwalimu wa Tanzania, Jumatatu ni siku ya kukagua kucha. Mama akasahau kadi, akasahau nchi. Alipita mbele ya foleni na kusema, "Mikono!" na watoto wale, wa mataifa yote yanayoishi Toronto, wakanyoosha mikono yao mbele kana kwamba walikuwa wakingojea kuambiwa tangu wazaliwe. Akaigeuza mmoja mmoja. Wawili akawarudisha bombani wakanawe. Wa mwisho alikuwa kitoto chenye mafua, kamasi imefika mdomoni, na mama akatoa leso yake mfukoni akamshika pua.

"Puliza."

Kikapuliza. Kilifurahi, kwa kweli. Kilimshika mama mkono. Asiyefurahi ni mama yake, ambaye alikuwa akirudi na kahawa.

Msimamizi wa uwanja alikuwa msichana wa chuo kikuu, mpole, mwenye redio ya kiunoni iliyozungumza peke yake muda wote. Alimwita mama pembeni, nyuma ya kasri, kwenye zile mbao tupu. Nilikuwa karibu, nikawasikia.

"Hatuwagusi watoto," alisema. "Na hatuwakagui."

"Pua ilikuwa inamwagika."

"Najua. Lakini haikuwa pua yetu."

Mama akairudisha leso mfukoni. Msichana akamweleza taratibu, na naamini hakupenda kumweleza, kwamba Jumamosi atakuja kusimama na kuangalia kazi. Akiona maneno hayasemwi inavyotakiwa na foleni haiendi, itabidi amhamishie stoo ya sare.

"Kufanya nini huko?"

"Kupokea kofia na kutoa kofia."

Nyumbani mama alivua viatu akakaa. "Kutoa kofia," alimwambia baba. "Bila mtoto hata mmoja. Hapo ndipo nitakaposema kwaherini. Bora nikaonekane Januari pale pale nilipotoka."

Baba aliinuka. Alikwenda akasimama juu ya mkono wa kochi na viatu vyake vya ghalani, vile vya pua ya chuma, akakunja mikono kifuani. "Mimi mtoto," alisema. "Naogopa. Niambie hayo maneno."

"Shuka, utavunja kochi."

"Sishuki mpaka nitangaziwe."

Ndivyo tulivyofanya mazoezi jioni zile, jua la kiangazi likiwa bado liko juu ya ghala. Mama na kadi, baba akiteleza kutoka kwenye kochi mpaka sakafuni, mimi nikiwa foleni. "Sauti, Mwalimu, sauti!" baba alikuwa akisema kutoka chini. Kufikia Ijumaa maneno alikuwa ameyashika yote bila kadi. Sauti ndiyo haikuwa imerudi.

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka langoni. Msimamizi alikuja kama alivyosema, akasimama kwenye kivuli cha ule ubao wa mistari, mikono nyuma. Mama alikuwa mahali pake chini ya mtelezo, kofia imewaka. "Taa, kamera, anza," alisema, na mtoto akateleza. "Taa, kamera, anza." Ilikuwa sawasawa na kadi, na ilikuwa kama mtu anayesoma bei za vitu. Nilianza kutazama uso wa msimamizi badala ya kumtazama mama, na uso ule haukuniambia kitu.

Ndipo nikamwona baba mdogo.

Alikuwa na watu wa ofisini kwao, familia nyingi, wote wamevaa fulana za rangi ya chungwa. Ilikuwa siku yao ya kutoka na watoto. Ubavuni kwake alitembea mzee mmoja mrefu wa Kizungu, shingo imeiva kwa jua, ambaye kwa namna baba mdogo alivyomwinamia kila aliposema kitu nilijua ni mkubwa wake wa kazi. Binti yake baba mdogo, wa miaka sita, alikuwa amemshika baba yake mkono. Baba mdogo akanyanyua macho, akaona kamera, akaona mtelezo, akaona kofia. Alijua mama anafanya kazi bustani ile. Nadhani hakutegemea nyota.

Akapiga goti kumfunga mtoto kamba za viatu. Alizifunga kwa muda mrefu sana. Viatu vile, niliviona vizuri, vilikuwa vya kubandika, visivyo na kamba.

Binti yake hakusubiri. Alichomoka, akaingia foleni, akapotelea nyuma ya kamera. Baada ya muda uso wake ukatokea juu kwenye duara la lenzi, akatazama chini, akaona urefu wa ile fedha inavyong'aa, na akaganda.

"Taa, kamera, anza," alisema mama.

Mtoto akashika kingo za lenzi kwa mikono yote miwili.

Mama alirudia. Nyuma, ndani ya giza la kamera, watoto wengine walianza kusukumana na kuita. Mzazi mmoja akasema kwa sauti, shida ni nini huko? Mwingine akamwambia mama ampandie amtoe. Mama hakuruhusiwa kupanda wala kumgusa mtu, na mtoto hakuweza kurudi nyuma kwa sababu kamba zilikuwa zimejaa wenzake. Foleni ilisimama mpaka nje ya lango. Baba mdogo alikuwa ameinuka sasa. Aliita jina la mtoto, akamwahidi aiskrimu, na mtoto akaanza kulia, mdomo wazi, bila sauti, kama wanaolia kwa hofu ya kweli.

"Mama mkubwa," mama alimwambia kwa Kiswahili, taratibu, akijigusa kifua, "yuko hapa chini. Unamwona?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa kwamba anamwona. Kiswahili alikuwa akikisikia chote. Kukijibu ndiko alikuwa hajawahi.

Mama akamtazama kidogo. Kisha akainama, akakiweka kipaza sauti chini kwenye nyasi za plastiki, akawageukia watu. Si watoto tu. Wote: wazazi, bibi wenye miavuli, vijana wa fulana za chungwa, na yule mzee wa shingo nyekundu.

"Mikono juu!" alisema.

Nilisimama kitini. Ilikuwa ile sauti. Iliruka juu ya kasri, ikafika kwa wanaouza bisi, na mtu mmoja huko akageuka. Sijui kama watu walielewa, najua walitii. Mikono ikapanda.

"Sasa mnaipasha moto. Hivi." Akasugua viganja vyake. "Pasha, pasha, pasha."

Kama umesoma shule ya msingi Tanzania, umeshapewa makofi hayo, au umewapa wengine, mtoto aliyejibu swali au aliyethubutu kusimama mbele. Unapasha viganja mpaka viwe na joto, unapiga kofi moja, halafu unamsukumia mwenzako kwa mikono yote miwili, kama unamtupia kitu kizuri. Hayo hupewa mtu akishamaliza. Mama aliyatoa mapema, kwa mkopo, kwa mtoto ambaye hajafanya lolote.

"Pasha, pasha, pasha," waliitikia watu, kwa lafudhi za dunia nzima.

"Piga!"

Kofi moja. Lilikuwa kama mlango mkubwa unaobamizwa.

"Mpe!"

Na mikono yote ile ikasukumwa juu kuelekea kwenye lenzi. Mtoto aliacha kulia. Hakushuka. Akafuta macho na kusema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo ambayo hata hivyo wote tuliisikia, "Tena."

Watu wakacheka. Mama hakucheka, alikuwa kazini. "Amesema tena," aliwatangazia. Wakampa tena. Safari ile nilimwona yule mkubwa wa ofisi akisugua viganja kwa bidii, ulimi nje, na kando yake baba mdogo akipasha kuliko wote, kwa sababu, ukiondoa mimi na mama, yeye tu katika umati ule ndiye aliyekuwa ameyapokea makofi hayo akiwa na kaptura ya shule.

Mtoto akakaa. Akaachia kingo. Akaja.

Kishindo kilichofuata sijui nikielezeje bila kuzidisha, kwa hiyo nitasema tu kwamba aliyefuata kwenye lenzi alikataa kuteleza mpaka naye apewe, na wa baada yake vile vile, na foleni ikawa inakwenda haraka kuliko ilivyokwenda siku yoyote.

Baba mdogo alimwokota binti yake chini ya mtelezo. Alikuwa sasa mbele ya mama, hatua moja, na mkubwa wake nyuma yake. Kisha akainamisha kichwa, mbele ya fulana zote zile za chungwa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mpe mtoto maji, amelia sana."

"Mnafahamiana?" aliuliza yule mzee.

"Huyu ni mke wa kaka yangu," alisema baba mdogo kwa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno la kupaka rangi. "Ni mwalimu."

"Hilo naliona," alisema mzee.

Msimamizi alisubiri zamu ya mapumziko ndipo akaja. Redio yake ilikuwa inaongea, aliizima.

"Yale hayamo kwenye maneno yako," alimwambia mama.

"Hayamo."

"Kile kitu cha mikono kinaitwaje?"

Mama akamwambia. Msichana akajaribu kutamka, akasugua viganja vyake mwenyewe, akavitazama kama vinaweza kuwa vimebadilika.

"Kesho uje na zamu ya asubuhi," alisema. "Uwafundishe wengine. Wa michezo yote." Alikwenda hatua chache kisha akageuka. "Lakini kamasi, tafadhali. Waachie mama zao."

Asubuhi ya Jumapili, kabla hajaondoka kwenda kazini, mama alipiga simu Morogoro. Kule ilikuwa alasiri. Hakuingia chumbani kuzungumza. Alisimama katikati ya sebule, tayari amevaa ovaroli, na aliongea kwa namna ambayo nadhani hata ghalani walimsikia.

"Mwalimu Mkuu, lile darasa langu mpe mtu."

Tulisikia ukelele wa mshangao kutoka upande wa pili. Halafu swali.

"Hapana, si shule. Ni uwanja. Uwanja wa sinema, wa watoto." Akasikiliza. "Ninao wengi kuliko wewe, usinicheke. Mpe yule binti mpya, ana mkono mzuri na wadogo. Mwambie wale wa mbele wasikae pamoja."

Alipokata simu alibaki ameishika. Lilikuwa darasa lake kwa miaka mingi, na alikuwa amelitoa kwa sentensi moja. Kisha mama akaweka kofia kichwani, akaiwasha, na kwenda zake kupanda basi la kaskazini, na tulimwona kutoka dirishani akipita mbele ya malori bila kuyaangalia.

Kanisani tulikwenda baba na mimi. Wanawake walituuliza mlangoni, Mwalimu yuko wapi leo? Baba, ambaye hupenda kukaa kiti cha nyuma na kuondoka wa kwanza, alisimama pale pale njiani ambapo kila mtu alilazimika kumpita.

"Yuko kazini," alisema. "Anafundisha."